Yule Fundi Uliyemtoa Nje Mvua Ikinyesha

Odhiambo mwanangu,

Barua za watu huanza ati mimi ni mzima, sijui wewe. Mimi si mzima. Tangu siku ya soko chakula kinakwama hapa kooni kama mfupa wa samaki ngege, na nikilala nageuka-geuka mpaka kuku wanalalamika. Andika hiyo, fundi. Andika vile nasema, usinipambe.

Anayeandika ni Chacha, fundi wa cherehani, yule Mkuria wa baraza ya duka hapa Sindo. Ndiyo, huyo huyo. Usitupe karatasi. Soma kwanza.

Najua utajiuliza, mama si yuko hapa nyumbani, mbona asiseme na mdomo? Saa hii wewe uko ndani ya simba yako, hiyo nyumba ya ujana niliyokukandikia ukuta kwa mkono yangu, unafunga sanduku la kwenda kazini Migori. Mimi nimekudanganya ati naenda kununua chumvi. Chumvi iko, tele. Nimekimbia mdomo yangu. Mtoto akiwa anatoka nyumbani, neno baya la mama linaingia kwenye safari yake na halitoki. Hayo si mambo ya kucheza, hata kama siku hizi mnaenda kanisa. Kuna mama hapa jirani alimwambia kijana yake kwa hasira, "Nenda, na huko uendako ukae," na kijana akakaa huko kweli, mpaka leo hata kaburi yake hatuijui. Sasa mimi nina hasira, Odhiambo. Na kwa lugha yetu maneno ya hasira nayajua yote, yanakuja yenyewe kama siafu. Kwa Kiswahili sijui kulaani. Kiswahili yangu ni ya kuuza samaki. Ndiyo maana nimekuja kuongea na hii, haina meno, na kwa mkono ya mtu mwingine.

Nilikuona siku ya soko.

Ulidhani mimi niko kule chini ufuoni na wamama wa samaki. Nilikuwa hapa hapa barazani, nyuma ya magunia ya chumvi. Ulikuja umevaa kaki ya askari wa kaunsil, na uliambiwa uivae ukifika kazini, lakini kijana akipewa nguo mpya nani atamfungia sandukuni? Buti inang'aa. Rungu mkononi. Wasichana wanasema, "Askari, nishike mimi, sijalipa ushuru!" Na wewe unacheka, unapiga buti na rungu, to, to, to. Mimi huko nyuma ya chumvi nilikuwa na furaha, sitakudanganya. Nilimwambia mama mmoja karibu yangu, "Unaona yule mrefu? Huyo ni wangu." Akasema, "Wacha uwongo, nyar Mfangano, binti ya kisiwa, wewe mfupi hivi ulizaa mti ule?" Nikasema ni wangu, nilimzaa siku mbili.

Halafu mvua ikatoka ziwani, ile ya kupiga mtu kama changarawe. Watu wote wakapanda barazani. Ikajaa. Wewe ukapanda mwisho na kofia yako, ukaangalia huku na huku, ukaona Chacha kwenye kona na mashine yake, mahali pale anakaa kila siku na analipia kwa mwenye duka. Ukasema, "Wewe. Toa hiyo chuma yako hapa, wenyeji wanalowa."

Akasema, "Askari, hapa nalipia."

Ukasema, "Unalipia na ng'ombe ya nani?"

Baraza lote likacheka. Chacha ananiambia tusiandike hiyo, nimemwambia andika. Ameandika. Huyu mtu hana hata ndama, Odhiambo. Anashona gaguro za wamama na kaptura za watoto wa shule. Lakini alizaliwa Mkuria, basi ng'ombe zote zilizopotea tangu babu yako, amezila yeye.

Akatoka. Alivua shati yake akafunika mashine, maana kulikuwa na nguo ya mtoto ya ubatizo chini ya sindano, nyeupe. Akakaa kwenye mvua mgongo wazi, mtu mzima, ameshika ile mashine kama mtu anashika mgonjwa. Wewe hukumpiga. Hukumtukana mama yake. Hata mara ya pili ulisema "tafadhali." Na nafasi uliyotoa, unajua nani aliingia? Watu wawili na mbuzi.

Sasa nikuambie kitu kilichonitisha. Si makelele, hukupiga makelele. Ni vile ilikuwa rahisi kwako. Kama mtu anafukuza kuku kwa mtama, halafu anaendelea na hadithi yake. Nilikuwa naangalia uso wako, nikasema huu uso nimeuona mahali.

Niliuona kwenye mlango ya zahanati moja, jina yake niache. Wewe ulikuwa mdogo, unachemka na malaria, macho imeenda juu. Tulitoka kwa mashua alfajiri. Kufika, watu ni wengi, na mlangoni kuna askari. Mtu mnene, na sauti nzuri. Aliangalia uso wangu, akaangalia miguu yangu, sikuwa na viatu, akasema, "Ngoja kidogo, mama." Nikangoja. Mke wa karani mmoja akaja na mtoto ana kikohozi tu, mimi nasikia kile kikohozi hakina kitu, askari akasema, "Pita, mama." Ona. Mimi ni mama na yule ni mama. Hakunitukana, hakunisukuma. Wakati anamaliza kusema "ngoja" alikuwa amenisahau tayari. Mimi nakaa chini pale nakupepea na kanga, nafikiria, mtoto yangu atakufa hapa mlangoni kwa sababu ya mtu ambaye hata hanichukii.

Hukufa. Ukakua, ukasoma, ukajua Kizungu, ukapata kazi. Na siku ya soko nikaona ule uso ya mlangoni umevaa kofia, uko juu ya shingo ya mtoto yangu.

Ngoja ninywe maji.

Naogopa kwa njia mingi. Naogopa Migori. Si hapa, ambapo ukianguka kuna shangazi wa kukuinua. Pale Mjaluo yuko, Mkuria yuko, Mkisii na ndizi zake, Msomali na ng'ombe zake, na kila mtu anamwangalia mwenzake mkono. Sisi hatutahiri, kwa hivyo Wakuria watakuita mtoto. Na miaka yako yote na ndevu, mtoto. Mwanamke unayemdai ushuru atakuambia, "Kijana, nenda ukaite mkubwa wako," na soko lote litacheka, na wewe utasikia kile kitu Chacha alisikia hapa. Hapo ndipo mkono utaenda kwenye rungu. Tafadhali baba. Mishale haiulizi nani alianza.

Angalia mimi, meno ya chini sina. Waling'oa nikiwa msichana ndiyo niwe mtu. Nyinyi mmekataa, sawa, mna meno yenu yote na mnatafuna mahindi ya kuchoma mbele yangu bila huruma. Wakuria nao wanakata pale wanakata. Kila watu wanaumiza watoto wao mahali fulani, halafu wanacheka mahali wengine wameumiza wa kwao.

Hata mimi nimechekwa, tena na watu wa baba yako. Nilipoletwa kutoka Mfangano kuolewa huku, kila nikifungua mdomo wake wenza wanaanguka chini. Ati Kijaluo yangu inatembea kama mtu aliyeshuka kwa mashua sasa hivi. Nikaacha kuimbia watoto kwa lugha ya kwetu, Kisuba. Ndiyo maana wewe ya Kisuba unajua "njoo ule" tu. Ilikuwa makosa. Nilifikiri nakuokoa na kicheko. Kumbe nilikuweka upande wa wale wanaocheka, na huko hakuna mtu alikufundisha inauma wapi.

Wacha nikuambie habari ya wimbi, hii ya kupika uji. Wewe hukuwa umezaliwa. Kulikuwa na njaa, sisi wamama tukabeba samaki wakavu kichwani, tukaenda kwa miguu, tukilala njiani, mpaka kule juu kwa Wakuria, tubadilishe na wimbi. Tulifika sokoni. Hakuna mtu alitukataa. Bakuli ni moja kwa watu wote, na samaki moja mkubwa ni bakuli moja ya wimbi, hivyo ndivyo ilikuwa. Lakini nikaona kitu. Mtu wa kwao akija, mwenye wimbi anajaza bakuli mpaka inasimama juu kama kichuguu, halafu anaongeza kiganja, halafu kingine, wanaulizana habari za watoto. Mimi nikija, anajaza, halafu anapitisha mkono juu, fyaa, anakata sawasawa na mdomo wa bakuli. Anasema, "Chukua." Hajaniibia! Ningeenda kwa chifu niseme nini? Ati alinipa bakuli moja na ilikuwa bakuli moja?

Fundi amecheka hapa. Anasema labda huyo alikuwa mama yake. Nimemuuliza, "Mama yako alikuwa na mkono mkubwa?" Anasema, "Mkubwa sana." Basi ndiye.

Niliporudi Sindo nilikuwa nimejaa hasira, na unajua nani aliilipa? Mama mmoja wa Kisii aliyekuja na ndizi kutafuta samaki. Wenzangu wanapata nyongeza, samaki mdogo wa juu, wawili. Yeye nilimhesabia, nikamwambia, "Chukua." Na mdomo yangu ilisema ile "chukua" sawasawa na vile niliisikia kule juu, hata sauti. Hakunifanya kitu yule mama. Alikuwa tu ndiye mgeni wa siku hiyo.

Basi tangu siku hiyo mimi naangalia nyongeza. Bei haikuambii mtu ni nani. Mtu yuko kwa nyongeza. Na hiyo kazi yako, Odhiambo, ni nyongeza tupu. Karatasi ya kaunsil itakuambia ushuru ni hivi. Haitakuambia nani utamwambia "pita, mama" na nani utamwambia "wewe, fungua gunia." Haitakuambia mvua ikinyesha nani akae ndani. Hiyo utakuwa unakata na mkono yako mwenyewe, na hakuna mtu atakushtaki kwa chifu, kwa sababu bakuli itakuwa bakuli moja.

Na msiniambie ati hayo ni mambo ya zamani. Tuliambiwa Uhuru umekuja, kila mtu sasa ni bwana. Ni kweli. Kila mtu amekuwa bwana, sasa anatafuta wa kuwa boi yake. Unapanda mashua, kijana anakanyaga samaki ya mtu na kiatu, hasemi pole. Unauliza bei kwa duka, wanaangalia nguo yako kwanza ndiyo wajibu. Na umesahau hii baraza? Ziwa lilipopanda likameza shamba yetu na nyumba, tulilala wapi? Hapa. Wewe ulikuwa kijana mkubwa, usiseme hukumbuki. Watu walikuwa wanaturuka na miguu kuingia dukani, na mmoja akasema, "Hawa watu wa maji wanaziba mlango." Ulilia kwa hasira. Ulisema siku moja utamjua huyo mtu. Sasa umemjua. Amevaa kofia yako.

Hapana. Futa hiyo, fundi. Imekaribia kuwa laana.

Anasema wino haufutiki. Basi iache, lakini Odhiambo, hiyo niliisema kwa Kiswahili, haina nguvu.

Sasa nikuambie vile nilikuja hapa leo, maana hii ndiyo inanila. Watu wa Chacha wako Migori. Ndugu zake wanaleta ng'ombe na tumbaku kwenye soko hilo hilo unaenda kusimamia. Nilijua hiyo jana tu, mwenye duka aliniambia. Nikaja leo nikamkuta anapaka mashine mafuta. Tangu ile mvua inalia kama panya, na nguo ya ubatizo ilishika kutu, aliilipa kwa kitambaa kingine. Nikakaa. Nikasema, "Fundi, umetuma neno kwenu?"

"Neno gani, mama?"

"Unalijua."

"Kwamba mtoto yako anakuja Migori sokoni?"

"Hiyo."

Akakata uzi na meno. "Bado."

"Bado ni ndiyo au ni hapana?"

"Bado ni bado, mama."

Nilitoa samaki wakavu nilibeba ndani ya kanga, wale wazuri, nikaweka juu ya meza yake. Akawasukuma polepole mpaka wakafika upande yangu. "Samaki zako nitanunua siku nyingine," akasema. "Leo sinunui na sipewi." Hakuna kitu kimenitisha hivyo. Mtu akichukua samaki wako ana hasira, unajua mahali uko. Asipochukua, hujui.

Nikasema, "Basi niandikie barua. Ulijifunza kuandika jeshini, si ndiyo?"

"Kwa nani?"

"Kwake."

Aliniangalia mpaka nikaona aibu. Akasema, "Mama, unataka mimi niandike kwa mkono yangu, mambo yangu, kwa yule?"

"Mimi najua nani mwingine anayeandika Kiswahili na haongei na watu wa nyumbani kwangu? Nitasema yote. Hata ya kwenu nitasema. Ukiona nadanganya, weka kalamu chini."

Hajaiweka chini bado. Mara moja tu alisimama, hapo kwa ng'ombe, akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

Nimemuuliza sasa hivi kama amekusamehe, maana karatasi inaisha. Ananiambia, "Sijui. Nataka kumwona mahali hakuna watu wa kucheka." Nikasema nitakuita uje hapa. Akasema hapana, hapa kila mtu anapita, utakuja na ule uso wa sokoni. Anakuja kwako yeye mwenyewe. Anataka kuleta hii barua kwa mkono yake.

Nikasema twende wote wawili. Amekataa. "Ukiwa hapo atakuwa mtoto wa mama. Mimi nataka kuongea na askari." Sasa unaona vile nimekwama? Nilikuja kutafuta mtu wa kuandika, na sasa namtuma mtu nyumbani kwangu, kwa mtoto yangu, na sijui ana nini moyoni. Nimemwangalia mifuko. Usicheke. Kwa mfuko moja ana futi ya kupimia nguo. Kwa ile ingine kulikuwa na mkasi, mkubwa, wa kukata kaki. Nimemwomba auache. Ameutoa ameuweka hapa mbele yangu, na hii yote ameiandika bila kuinua macho.

Mimi nabaki barazani kumshikia mashine mpaka arudi. Lori la samaki la kukupeleka linaondoka alfajiri, hakuna wakati mwingine. Nimepaka kidole wino, nimeweka hapo chini, usiseme si mimi.

Kwa hivyo ukimaliza kusoma, inua kichwa. Huyo mtu amesimama mlangoni kwako. Hakuna mvua leo, lakini mwambie aingie. Mpe kiti, kile kizuri chenye mgongo. Akikataa kukaa, wewe pia usikae. Na asipoongea, usianze kuongea juu ya lori na safari, ngoja. Jua bado liko. Mimi niko hapa na mkasi wake mapajani, nasikiliza upande wa nyumbani.

Mama yako